Pampu ya Tatu

Siku ya tisa imelala tumbo juu,
nyeupe kama gego lililong'olewa likasahauliwa kwenye kitambaa,
yoti ya Daktari Quiroga, mita kumi na nne,
rafadha zake mbili zikizungushwa na upepo, bure.
Shakwe wameshaandika maoni yao mgongoni mwake.

Watu wa bima walikuja Jumanne na kamera.
Walipima, wakanywa kahawa, wakasema: hasara kamili.
Lakini bandari ya Arealonga haifungwi kama daftari.
Dizeli inavuja, tone, tone,
inatandaza rangi za tausi juu ya maji,
na kome wa akina Outeiral wananing'inia kwenye kamba zao
wakinywa chochote wanacholetewa.
Ndiyo sababu tumeitwa. Si kwa kuipenda yoti.

Mimi ni wa pampu. Mkataba haukunitaja:
"wasaidizi wawili," basi,
na wa pili ni mpwa wangu Brais, mwenye mafua.
Anayezama ni Uxío Lestón.
Kreni anayo Dorinda, ambaye amewahi kuinua
lori la samaki, kengele ya kanisa,
na mara moja ng'ombe, mzima, mwenye hasira.

Tumeingoja bamvua. Maji mafu hayainui hata kizibo.
Saa kumi na moja alfajiri, katika mvua ya huku
isiyonyesha wala isiyokatika,
Uxío anapitisha mikanda chini ya ubavu
na kufunga mifuko ya hewa upande mmoja tu.
Ukiinua pande zote mbili, anasema,
utaliinua kosa kama lilivyo.

Hewa inaingia. Mifuko inavimba mashavu.
Dorinda anakaza winchi, analegeza, anakaza,
kama anayemgeuza mgonjwa bila kumwamsha.
Kisha mguno, kutoka ndani kabisa,
na sufuria, viti, glasi, vitabu vya ramani
vinahama nyumba kwa mara ya pili.
Antena inachomoza, imevaa mwani.
Dirisha.
Dirisha jingine.
Usukani.
Imeketi! Maji shingoni, lakini imeketi.

Sasa zamu yangu.
Waliosema maji yakimwagika hayazoleki
hawakuwahi kushika bomba la inchi sita.
Pampu ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa.
Ya tatu inagoma; naipiga teke
pale tunapopajua mimi na yeye tu,
inakohoa, inakubali.
Tunairudishia bahari bahari yake, tani kwa tani,
wala haitupi risiti.

Daktari amefika kutoka Ourense, viatu vyeupe,
anasimama mbali na matope.
Uxío anapanda ngazi na kumwekea kiganjani
kibano cha bomba la choo, cha yuro mbili,
kilichooza kikakatika usiku ule wa upepo.
Ni hiki tu, anamwambia.
Daktari anakigeuza, anakileta karibu na mwanga.
Mtu ambaye kila siku huwaambia wengine
tundu dogo hilo, usilipuuze.
Hatukumpigia methali. Anaijua; anaiuza, tena ghali.
Alivua viatu tu, akaja kushika bomba na Brais.

Adhuhuri sakafu ya jiko ikaonekana.
Ndani ya oveni, pweza,
amejikunja kama mpangaji aliyelipa hadi mwisho wa mwezi.
Bi Hermitas, gatini, tayari ana kikapu:
"Nipeni mimi, maji yamechemka tangu asubuhi."
Dorinda alicheka. Mimi, kusema kweli, nilikuwa na njaa.
Lakini Uxío alimbeba kwa mikono miwili hadi ukingoni,
pweza akamnyonya kiwiko, akaacha duara nyekundu sita,
akateremka taratibu na kijiko cha chai cha fedha
ambacho watu wa bima
hawakukiorodhesha.